Maswali ya Wasomaji: Tasnifu Imetetewa, Mbona Haijapokelewa?

Barua tatu zilizotufikia hivi karibuni zinahusu kipindi ambacho watu wachache hukizungumzia, yaani zile wiki zinazofuata utetezi wa tasnifu, wakati mwanafunzi amekwisha kupongezwa na jamaa zake lakini chuo hakijampokelea kazi yake. Tumezifupisha kidogo, na majina ya waandishi tumeyaacha kama walivyoomba.

SWALI

Mwalimu, pokea salamu kutoka Kisumu. Wiki tano zilizopita nilitetea tasnifu yangu ya uzamili kuhusu akina mama wanaouza samaki katika ufuo wa Dunga, na mwenyekiti wa jopo akatangaza kwamba nimefaulu. Tangu siku hiyo nimekwama. Mtahini wa nje anataka sura ya pili ipunguzwe, ilhali mtahini wa ndani anataka niongeze nadharia nyingine katika sura hiyo hiyo, na mmoja wao alipendekeza kichwa cha tasnifu kibadilishwe. Msimamizi wangu wa kwanza amesafiri ng'ambo kwa miezi mitatu. Ofisi ya masomo ya uzamili inasema kwamba orodha ya wahitimu itafungwa mwisho wa mwezi ujao. Fundi mmoja wa kujalidi vitabu hapa mjini ameniahidi nakala sita kwa siku mbili iwapo nitamlipa sasa. Je, nijalidi huku nikiendelea kutafuta saini? Msomaji, Kondele.

JIBU

Ndugu msomaji, fundi asubiri. Nakala iliyokwisha kupigwa jalada gumu na herufi za dhahabu haifunguliwi ukurasa mmoja ukabadilishwa, na wewe bado hujajua ni kurasa ngapi zitabadilika.

Neno alilolitamka mwenyekiti ndilo limekuchanganya, wala si wewe peke yako. Jopo linapotangaza kwamba mtahiniwa amefaulu, mara nyingi maana yake ni kwamba amefaulu kwa sharti la kufanya marekebisho, na sharti hilo huandikwa katika ripoti, likitaja kama marekebisho ni madogo au makubwa, yatakamilishwa kwa muda gani, na ni nani atakayeyathibitisha. Katika shamrashamra za siku ile ni rahisi kusikia nusu ya kwanza ya sentensi na kuikosa nusu ya pili. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuipata ripoti ya jopo kwa maandishi. Kama bado hujapewa, mwandikie mwenyekiti wa idara yako barua fupi, umwombe orodha moja ya marekebisho yaliyoafikiwa na jopo zima, na ubaki na nakala ya barua hiyo iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.

Orodha hiyo ndiyo itakayokutoa katika mvutano wa watahini wawili. Ripoti ya kila mtahini ni maoni yake, nayo yana uzito, lakini kinachokufunga ni uamuzi wa jopo baada ya kukaa na kujadiliana. Ikiwa jopo liliafiki sura ipunguzwe, nadharia mpya haina nafasi; ikiwa liliafiki yote mawili, basi mambo hayo hayapingani kama yanavyoonekana, kwa sababu sura yaweza kupoteza kurasa kumi na tano za muhtasari wa tafiti za watu wengine na bado ikapata kurasa tatu za nadharia inayotumika kwelikweli katika uchanganuzi wako. Nimesoma tasnifu nyingi ambazo sura yake ya pili ni ghala la kila kitu alichowahi kukisoma mwandishi, na sikumbuki hata moja iliyoharibika kwa kupunguzwa. Iwapo ripoti ya jopo nayo imenyamaza kuhusu jambo hilo, mwombe mwenyekiti atoe mwelekeo kwa maandishi. Usiamue wewe nani kati ya wakubwa hao ana haki.

Ukishaipata orodha, chora jedwali lenye safu tatu: alichosema mtahini, ulichofanya, na ukurasa ambako mabadiliko hayo yanapatikana. Usiandike “imerekebishwa” ukaishia hapo, kwa maana anayethibitisha hataki kuipekua tasnifu nzima akitafuta sentensi moja. Pale ambapo umeona pendekezo halifai, eleza sababu kwa heshima na umwombe msimamizi akuunge mkono kabla ya jedwali kwenda mbele. Jedwali la namna hii huchukua jioni mbili kuliandaa, nalo huokoa majuma ya kurudishwa ofisini.

Kuhusu kichwa, tahadhari. Mtahini anaweza kupendekeza kichwa kipya, lakini kichwa kilichosajiliwa chuoni hakibadiliki kwa sababu wewe umekibadilisha kwenye kompyuta yako. Kwa kawaida badiliko hilo hupitia idara na bodi ya masomo ya uzamili, kwa kuwa kichwa kilichoko kwenye jalada ni lazima kifanane na kilichoko katika kumbukumbu za chuo. Kama jopo lilisema “pendekezo” na si “sharti”, na muda wako ni mwezi mmoja na siku chache, mimi ningekiacha kichwa cha zamani.

Sasa msimamizi aliyesafiri. Kuwa ng'ambo si kutoweka. Mpelekee faili na jedwali kwa baruapepe, kisha uulize idarani kama chuo chako kinakubali saini ya kielektroniki au ukurasa uliotiwa saini, ukapigwa skani na kurudishwa. Visipokubalika, mwenyekiti wa idara ndiye wa kukueleza ni nani aliyeidhinishwa kutia saini kwa niaba yake. Jambo moja tu halifanywi kamwe, hata kama msimamizi mwenyewe amekuambia kwa simu kwamba hana pingamizi: usiitie saini yake kwa mkono wako. Kughushi saini ni kosa la jinai, na ukurasa huo wa idhini utakaa maktabani miaka na miaka.

Marekebisho yakithibitishwa na saini zikipatikana, ndipo umwendee fundi. Kabla ya hapo soma upya mwongozo wa chuo chako kuhusu rangi ya jalada, idadi ya nakala na maandishi ya uti wa kitabu, maana vyuo hutofautiana, na rafiki yako aliyehitimu Maseno hawezi kukuongoza kuhusu taratibu za Njoro au Kakamega. Hakikisha pambizo la kushoto ni pana kuliko mengine ili maneno yasimezwe na jalada, kurasa za mwanzo zina nambari za Kirumi, na yaliyomo yamesasishwa baada ya kurasa kusogea. Angalia pia mwaka. Mimi nilitetea tasnifu yangu mwezi wa Novemba, nikajalidi nakala zote zikiwa na mwaka huo, nami nikaziwasilisha Januari. Karani alitazama jalada tu, hakufungua hata ukurasa mmoja, akanirudishia mzigo wote. Nilirudi nao kwa matatu, nimeupakata kama mtoto mgonjwa, nikalipa upya.

SWALI

Kwa mhariri wa safu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamifu katika kaunti ya Kakamega. Chuo kinanitaka niwasilishe faili ya PDF pamoja na nakala zilizojalidiwa, ili tasnifu iwekwe katika hifadhi ya kidijitali ya maktaba ambako mtu yeyote ataisoma bure. Naogopa kwamba kazi yangu itaibwa, na kwamba majarida yatakataa makala zangu kwa madai kuwa zimekwisha kuchapishwa. Naweza kukataa? Msomaji, Kakamega.

JIBU

Kukataa kabisa ni vigumu, kwa sababu katika vyuo vingi kuwasilisha faili ni sehemu ya masharti ya kuhitimu. Hata hivyo, hofu zako mbili hazina uzito sawa.

Ya wizi naielewa, lakini naitazama kinyume na unavyoitazama. Tasnifu iliyofungiwa kabatini huibwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa hakuna wa kuulinganisha wizi na chanzo chake, ilhali ile iliyo wazi, yenye jina lako na mwaka, hugunduliwa na programu za kupima ulinganifu wa maandishi mara tu mtu anapoinakili. Tena haki haipotei kwa sababu kazi inasomwa bure. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi ya maandishi katika uhai wa mwandishi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kinachotakiwa ni uisome kwa makini fomu ya kuweka tasnifu kabla ya kuitia saini, uone kama unakipa chuo ruhusa ya kuihifadhi na kuisambaza tu, au unakihamishia haki zenyewe.

Kuhusu majarida, mengi ya kitaaluma hayahesabu tasnifu iliyo katika hifadhi ya chuo kuwa chapisho la awali, mradi makala iandikwe upya kwa umbo la makala. Soma masharti ya jarida unalolilenga. Mwandishi anayepanga kuigeuza tasnifu kuwa kitabu ana sababu nzuri zaidi ya kuwa na wasiwasi, na vilevile mwenye uvumbuzi anaotaka kuuombea hataza. Hao waombe chuo kiifunge faili kwa muda, huku kichwa na ikisiri vikibaki wazi. Ombi hilo huambatanishwa na faili siku ya kuwasilisha, si baada ya miezi sita.

Kwa kuwa wewe ni wa uzamifu, kumbuka pia kwamba viwango vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 vilitaka mtahiniwa wa uzamifu awe na makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu, na wa uzamili moja. Usisubiri utetezi ndipo uanze kutafuta jarida, kwani hapo ndipo watu hunaswa na majarida ya kitapeli yanayoahidi kuchapisha kwa siku tatu. Na kama makala yako tayari imetoka na imo ndani ya tasnifu, angalia kama jarida lile linakuruhusu kuiweka hadharani, na katika umbo gani.

Nikuongezee jambo ambalo hukuliuliza. Faili itakayosomwa na ulimwengu isibebe vitu vya watu wengine. Pitia viambatisho vyako, uondoe nambari za simu na za vitambulisho, fomu za ridhaa zilizotiwa saini, na picha za waliohojiwa ambao hawakukubali kuonekana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haimsamehe mtafiti kwa sababu tu kazi yake ni ya kielimu. Ukiondoa kitu, kiondoe na kwenye nakala zitakazojalidiwa, ili maktaba isije ikawa na tasnifu mbili zisizofanana.

SWALI

Nimewasilisha nakala zote chuoni huku Nakuru na nimepewa stakabadhi. Je, nimemaliza? Msomaji, Njoro.

JIBU

Na chuo, huenda. Kama ulifanya utafiti kwa leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, itoe ile leseni uisome upande wa masharti: unatakiwa kuipatia tume hiyo nakala ya kazi yako ya mwisho, ya karatasi na ya kielektroniki, katika muda wa mwaka mmoja tangu utafiti ukamilike. Watu wengi husahau mpaka wanapoomba leseni nyingine. Stakabadhi ya chuo ipige picha na uihifadhi. Wino wa karatasi zile hufifia upesi, na siku ya kulitafuta jina lako katika orodha ya wahitimu huenda ukaihitaji.