Ile paundi 20 yenye mzee wa ndevu

Dada, huyo mzee wa ndevu aliyeegemea rundo la vitabu kwenye noti uliyoikuta kwa sanduku la marehemu babu sio mfalme, ni Shakespeare bwana, yule wa maigizo. Hiyo paundi 20 ya zambarau ilitoka Julai 1970 na ndo ilikuwa noti ya kwanza ya Benki Kuu ya Uingereza kuwekwa mtu maarufu asiye wa kifalme, mbele kuna Malkia kama kawaida. Ile picha imetolewa kwenye sanamu yake iliyoko Westminster Abbey, halafu cheki vizuri pembeni utaona Juliet yupo roshani na Romeo yupo chini anambembeleza, yaani mchezo mzima umewekwa kwenye pesa, mi naona kwa uzuri haijapata mpinzani mpaka leo. (Mwaka mmoja tu kabla yake Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya mchezo wa huyu Shakespeare, kwa hiyo huyu mzee huku kwetu sio mgeni kabisa.)

Sasa dukani hiyo haipokelewi, walishaiondoa Machi 1993, nafasi yake akapewa Faraday yule wa umeme. Ila haijafa! Benki Kuu yao inabadilisha noti zake zote za zamani kwa thamani ileile, haina mwisho, unaenda kaunta yao pale Threadneedle Street London au unatuma kwa posta na vitambulisho. Kama imenyooka haina mikunjo usikimbilie kubadilisha, waulize kwanza wanaokusanya noti, huenda wakakupa zaidi