Maswali ya Wasomaji: Nilipie Matangazo ya Google au Niijenge Tovuti?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro hapa Moshi. Kwa miezi 7 sasa nimekuwa nikilipia matangazo ya Google, wastani wa shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo tovuti yetu hupata mibofyo kama 600, watu 24 hivi hutuandikia kuulizia bei, na vikundi 2 hulipia safari. Kila kikundi, baada ya kutoa ada za hifadhi, malipo ya waongozaji na wapagazi, chakula na usafiri, hutuachia shilingi 1,600,000. Mwezi uliopita niliyasimamisha matangazo kwa wiki mbili, na maulizo yakakatika kabisa. Kijana anayetutunzia tovuti anashauri tuachane na matangazo, fedha zote ziende kwenye SEO, yaani kuiboresha tovuti ili itokee yenyewe katika matokeo yasiyolipiwa. Mbia wangu anataka tuyaongeze matangazo. Nimsikilize nani?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu yetu wa Moshi, tunakushukuru kwa kutuletea hesabu, maana barua nyingi za aina hii hutufikia bila tarakimu hata moja, nasi hubaki tukikisia. Kwa tarakimu zako, kila mbofyo unakugharimu shilingi 2,500, kila anayeulizia bei shilingi 62,500, na kila kikundi kinacholipa shilingi 750,000. Kwa hiyo matangazo hayakupi hasara, ingawa kijana wako anataka uyaache. Hata hivyo, karibu nusu ya faida ya kila kikundi inaishia Google, na mbia wako anapotaka kuyaongeza, anataka kuongeza mauzo ambayo nusu ya faida yake si yenu.

Lakini jambo zito zaidi katika barua yako ni zile wiki mbili za ukimya. Umeshalipa shilingi 10,500,000, na siku ulipoacha kulipa hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekufikia kwa njia nyingine. Hali yako ni ya mtu anayenunua maji kwa madumu kila siku huku kiwanja chake kina maji chini na hajaanza kuchimba kisima. Kijana wako ana haki kuhimiza kisima kichimbwe. Kosa lake ni kutaka madumu yaachwe leo. Google yenyewe, katika maelezo yake kwa wenye biashara, husema kwamba kazi ya SEO kwa kawaida huchukua kati ya miezi 4 na mwaka mzima, kuanzia marekebisho yanapofanywa hadi faida ianze kuonekana. Wageni wengi hupanda kati ya Januari na mwanzo wa Machi, kisha kati ya Juni na Oktoba, nao huanza kutafuta kampuni miezi kadhaa kabla ya kusafiri. Ukizima matangazo leo, utaupoteza msimu mzima kabla tovuti haijaanza kuzaa.

Kabla ya kugawa fedha, ni muhimu kuelewa mahali njia hizi mbili zinapokutana. Google ilianzisha matangazo yake ya maneno ya utafutaji mwezi Oktoba 2000, kwa jina la AdWords. Siku hizi nafasi ya tangazo huamuliwa kwa mnada unaofanyika kila mtu anapotafuta, na mshindi si lazima awe aliyetaja bei kubwa. Hupimwa pia kama tangazo linahusiana na kilichotafutwa, na kama ukurasa anaofikishwa mteja unamfaa, unafunguka haraka na unasomeka vizuri kwenye simu. Mwenye ukurasa mzuri anaweza kupata nafasi ya juu kwa bei ndogo kuliko mshindani mwenye ukurasa mbovu. Maana yake ni kwamba shilingi unayoitumia kuutengeneza ukurasa inafanya kazi mara mbili: inakusaidia katika matokeo ya kawaida, na inapunguza bei ya mbofyo katika matangazo. Kinyume chake si kweli. Kulipia matangazo, hata kwa mamilioni, hakuipandishi tovuti yako katika matokeo yasiyolipiwa, na Google imelieleza hilo waziwazi.

Sasa fungua akaunti yako ya matangazo, uitafute ripoti ya maneno ambayo watu waliyaandika hasa kabla ya kubofya. Ripoti hii ndiyo mali kubwa kuliko zote ulizonunua kwa zile milioni 10, na tunaamini hujawahi kuisoma kwa makini, kwa kuwa wenye biashara wengi tunaowashauri hawajui hata kama ipo. Jina Kilimanjaro ni la mlima, lakini pia ni la bia, la maji ya chupa, la hoteli na la uwanja wa ndege. Yamkini sehemu ya mibofyo yako 600 imetoka kwa watu waliokuwa wakitafuta ratiba za ndege, picha za bure au kazi. Maneno hayo yaingize katika orodha ya maneno ya kuzuia, ili tangazo lisitokee kabisa yanapotumika.

Yale maneno yaliyoleta watu 24 walioulizia bei yaandike kando, kwa sababu hayo ndiyo yanayokuonyesha kurasa za kuandika. Hapa ndipo kampuni ya Moshi inapoweza kuyashinda makampuni makubwa ya ng'ambo yanayouza safari hizo hizo. Kampuni nyingi za utalii za Moshi na Arusha hunakiliana ratiba za safari neno kwa neno, na Google haina sababu ya kuchagua yako kati ya kurasa 50 zinazosema jambo moja. Andika kile ambacho waongozaji wako wanakijua kwa miguu yao: kwamba Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala badala ya mahema, na ni nani hasa inamfaa, kwamba upande wa Rongai, kaskazini, hupata mvua kidogo kuliko kusini, na hilo lina maana gani kwa mgeni mwenye likizo ya Novemba, kwamba siku moja ya ziada kwenye njia ya Lemosho humpa mgeni nafasi zaidi ya kuzoea hewa nyepesi kabla ya kuikabili Uhuru, mita 5,895, na jinsi mnavyowalipa na kuwalisha wapagazi wenu, jambo ambalo wageni wengi sasa huliuliza kabla ya kulipa. Wakati wa masika, waongozaji wanapokuwa na nafasi, kaa nao, waache wasimulie, nawe uandike.

Kuhusu mgawanyo wa fedha, hatupendi kanuni za nusu kwa nusu, kwa sababu hazitokani na biashara ya mtu yeyote. Kwa miezi 6 ya mwanzo tungetenga kama shilingi 1,000,000 kwa matangazo, yaliyobanwa kwenye maneno yaliyothibitika kuleta maulizo, na 500,000 kwa tovuti. Baada ya hapo punguza neno kwa neno, usipunguze kwa asilimia. Ukurasa wako ukifika nafasi za juu kwa neno fulani, zima tangazo la neno hilo peke yake kwa wiki mbili, kisha hesabu maulizo yote yaliyoletwa na neno hilo kwa njia zote mbili. Yakibaki kama yalivyokuwa, ulikuwa ukilipia wateja ambao wangekuja wenyewe, yakishuka, lirudishe. Yapo maneno mapana ambayo huenda usiyapate kamwe bila kulipa, na si aibu kuendelea kuyalipia iwapo hesabu inakubali.

Anza jaribio hilo na jina la kampuni yako mwenyewe, kama unalilipia. Watafiti waliofanya kazi na eBay, soko la mtandaoni, walizima matangazo ya jina la eBay katika baadhi ya injini za utafutaji mwaka 2012, wakaona kwamba karibu wateja wote waliokuwa wakibofya tangazo waliendelea kuja, safari hii kupitia matokeo ya bure yaliyokuwa chini yake. Kwa upande mwingine, matangazo ya maneno ya kawaida yaliongeza manunuzi ya watu ambao hawakuwahi kununua hapo au walionunua mara chache. Kampuni yako si eBay, na mshindani anaweza kulilipia jina lako, kwa hiyo pima mwenyewe.

SWALI: Nina nyumba ya wageni Mombasa. Kuna mtu ameahidi kunifikisha nafasi ya kwanza Google ndani ya siku 30 kwa kuniwekea viungo 1,000, yaani maandishi ya kubofya yanayomleta mtu kwenye tovuti yangu, kutoka tovuti nyingine. Je, si nafuu kuliko matangazo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Usimlipe. Hakuna anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza, na Google huwaonya wenye tovuti dhidi ya wanaoahidi hivyo. Ni kweli kwamba tangu Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha mwaka 1998, Google huhesabu kiungo kutoka tovuti nyingine kama namna ya udhamini. Lakini viungo vya kununua vinakatazwa na kanuni zake, na tangu ilipobadilisha namna ya kupanga matokeo Aprili 2012, tovuti nyingi zilizovitumia zimeporomoka. Kiungo kimoja kutoka chama cha wenye hoteli au gazeti lililoandika habari zako kina uzito kuliko vyote 1,000. Ukiwa na haraka ya wageni wa Desemba, lipia matangazo kwa miezi michache.

SWALI: Ninatengeneza samani Keko, Dar es Salaam. Sina tovuti, nina ukurasa wa Instagram tu. Nianze na kipi?
Fundi, Keko

JIBU: Ndugu fundi, anza na kisichohitaji fedha. Sajili karakana yako katika huduma ya bure ya Google inayoonyesha biashara kwenye ramani, weka picha za kazi zako, saa za kufungua na namba ya simu, kisha mwombe kila mteja aliyeridhika aandike maoni yake. Ukija kulipia matangazo, kagua mpangilio wa eneo: Google, isipoelekezwa vingine, huonyesha tangazo hata kwa watu walio mbali ambao wameonyesha tu kupendezwa na Dar es Salaam, na mtu wa Dubai hatakuja kuchukua kabati Keko. Chagua waliopo mjini peke yao.