Posho ya wanafunzi wa kilimo: jibu kutoka Muheza

Mhariri, mmeuliza kama mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya kilimo anastahili kulipwa posho na kituo kinachompokea kwa mafunzo kwa vitendo. Jibu langu la haraka ni hapana, kwa sababu aliyekuja kujifunza halipwi na anayemfundisha. Lakini mimi nalima mihogo, na swali linalonikera ni nani hasa humfundisha, maana kituo humpa meza na daftari, ila shamba lenye ugonjwa hulitoa mkulima.

Msimu mmoja bwana shamba alituletea binti wa chuo kikuu. Mihogo yangu ilikuwa imestawi, na mnunuzi nilikwisha kumwahidi mzigo. Binti akainama kwenye majani ya chini, ambayo sisi huyahesabu kuwa yamezeeka tu, akanionyesha umanjano unaofuata mishipa, kisha akaomba ruhusa ya kung'oa shina moja. Kwa nje muhogo ulikuwa safi; alipoukata vipande, ndani mlikuwa na madoa ya kahawia, makavu kama kizibo. Kila kipande alikipa alama ya ukali wa ugonjwa, kuanzia 1 hadi 5, akiandika taratibu huku bwana shamba akitazama saa, kwani pikipiki ilikuwa ya kuazima. Ndipo akauliza pingili nilizipata kwa nani. Nilimtaja jirani, naye jirani alikuwa amesimama papo hapo. Huku kwetu mbegu ya mihogo hugawiwa bure, na kumwambia mtu kwamba amekupa ugonjwa ni kumvunjia heshima; ilimbidi mume wangu aingilie kati. Binti akatueleza kwamba ugonjwa husafiri ndani ya pingili na pia huenezwa na nzi weupe, hivyo jirani asingeweza kuutambua kwa kutazama fimbo alizonikatia.

Ugonjwa huo wa michirizi ya kahawia si mgeni: mtafiti H. H. Storey aliuandika mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, milimani hapo juu yetu. Mimi nimeusikia kwa mwanafunzi.

Alama zile zilikwenda chuoni na hazikurudi kijijini. Nilipanga kumlaumu binti katika barua hii, lakini nauli ya kurudi ingetoka mfukoni mwake, na sidhani kama alikuwa nayo. Basi na walipwe, walau nauli na chakula, kwa sharti kwamba sehemu ya mwisho itolewe baada ya mwanafunzi kuwasomea wakulima matokeo yake, kwa Kiswahili. Kuhusu wanaomaliza mafunzo yote kituoni wakipanga mafaili, bado sijashawishika.