SSD mpya ya M.2 haionekani kwenye BIOS
Kama SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) imekaa vizuri na bado haionekani kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows), angalia aina yake. M.2 ni umbo tu. Kuna za SATA na kuna za NVMe, njia mbili tofauti za diski kuwasiliana na kompyuta, na laptop nyingi za zamani husoma SATA pekee. Tazama meno yake: pengo moja kwa kawaida ni NVMe, mawili mara nyingi ni SATA (si zote, soma lebo). Ikiwa ni NVMe na laptop haiikubali, usihangaike na draiva, irudishe dukani. Chukua SSD ya SATA ya inchi 2.5, unene wa milimita 7, uiweke palipokuwa na diski ngumu. Inasoma takriban MB 500 kwa sekunde. Diski ngumu ya laptop hucheza kwenye 100 hivi. Ikionekana BIOS lakini Windows haiioni, mara nyingi haijaandaliwa na kufomatiwa tu.