Wi-Fi imejaa, mtandao hakuna: maswali ya wasomaji

Wakuu, nimelipia kifurushi cha 20 Mbps. Nikipima kasi inasoma 20, lakini faili linashuka kwa 2.5 tu. Napigwa? (Sinza)

Hupigwi. Kampuni zinauza kwa megabiti, kivinjari kinahesabu kwa megabaiti, na baiti moja ina biti 8. Gawa 20 kwa 8, unapata 2.5. Faili la GB 4 litachukua kama dakika 27, ilimradi hakuna mwingine nyumbani anayeangalia mpira mtandaoni.

Alama ya Wi-Fi imejaa lakini kurasa hazifunguki. Huduma kwa wateja wananiambia nizime ruta niwashe. Nitajuaje tatizo liko kwangu au kwao? (Tabata)

Alama ile inapima njia ya kutoka kompyuta hadi ruta tu. Huko mbele haijui kitu. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, na kwenye dirisha jeusi andika ipconfig. Namba iliyo mbele ya "Default Gateway" ndiyo ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kisha iulize ruta mara 50, ukiweka namba yako:

ping -n 50 192.168.1.1

Majibu yote 50 yakirudi, kila moja chini ya milisekunde 10, ndani ya nyumba kuko salama. Yakipanda hadi mamia au mengine yakipotea, ugonjwa ni Wi-Fi yenyewe: umbali, ukuta wa zege, au umebanana na majirani kwenye chaneli moja, jambo la kawaida kwenye nyumba za kupanga. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, na kwa masafa ya 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache. Hizo tatu haziingiliani. Anayeweka 3 au 4 akidhani amewakimbia watu, anawagonga wa pande zote mbili.

Ruta ikijibu vizuri, fanya ping 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Hapo ikigoma, tatizo ni laini: piga simu na uwasomee majibu hayo. 8.8.8.8 ikijibu lakini majina ya tovuti hayafunguki, ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Andika ipconfig /flushdns, na isiposaidia weka DNS ya 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Ukikuta kwenye ipconfig anwani ya kompyuta yako inaanza na 169.254, basi ruta haijaipa anwani kabisa. Andika ipconfig /renew, na ikikataa, hapo ndipo kuzima na kuwasha ruta kunapokuwa na maana.

Kuna siku pia tatizo haliko kwako wala kwa fundi wa mtaani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchini. Siku kama ile ruta iache ipumzike.

Habari za kazi wanangu. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta yangu ya mezani inashika Wi-Fi lakini tovuti zote zinaandika kwamba si salama. Kijana wangu anasema ni virusi. (Mama, Mbagala)

Shikamoo mama. Kabla ya virusi, tazama saa kwenye kona ya chini kulia. Ikisoma mwaka wa nyuma, umepata jibu. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2015 inaona cheti cha leo hakijaanza kazi, na inakikataa.

Saa hiyo inatunzwa na betri ya duara, CR2032 ya volti 3, iliyo kwenye ubao mama. Kompyuta ikiwa imechomekwa, hata ikiwa imezimwa, umeme wa ukutani ndio unaobeba saa. Ndiyo maana betri iliyokufa inajionyesha umeme unapokatika.

Kwa leo rekebisha tarehe kwa mkono. Kwenye ukanda wa saa chagua Nairobi, maana Dar es Salaam haimo kwenye orodha ya Windows na saa ni ileile. Kisha zima, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10, fungua ubavu, sukuma kibanio na utoe betri. Mpya iingie upande wa + ukitazama nje. Dukani usikubali CR2025: upana ni uleule ila ni nyembamba, italegea.

Faili kubwa linakatika likifika asilimia 90, nikianza upya bando linaisha. (Kigamboni)

Usianze upya. Windows 10 ya toleo la 1803 na kuendelea ina curl, programu ya kupakua faili kwa amri. Kwenye dirisha la cmd andika:

curl -L -C - -O "kiungo"

Ikikatika, rudia amri hiyohiyo ukiwa kwenye folda ileile, itaendelea ilipoishia. Kistari kilicho peke yake baada ya -C kina kazi yake, usikifute. Kiungo cha faili lako kiwe ndani ya alama za nukuu (" "), kwa sababu alama ya & inakikata katikati. Ukiwa PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, andika curl.exe, la sivyo inaweza kukuletea amri nyingine kabisa. Seva isiyokubali kuendelea itakupa kosa namba 33. Hapo subiri usiku wa manane mtandao ukiwa mwepesi, dawa nyingine hatuna.

Nina Wi-Fi ya kuchomeka USB. Nikinakili vitu kwenye diski ya nje, mtandao unakatika. (Mbezi)

USB 3.0 inapofanya kazi hutoa kelele ya redio karibu na 2.4 GHz, na kifaa chako kimekaa pua kwa pua nayo. Nunua waya wa kurefusha USB wa mita 1 au zaidi, ukisogeze mbali na diski. Kama kifaa na ruta vyote vina 5 GHz, hamia huko, ila kuta zitakupunguzia umbali.

Faili la GB 5 linagoma likifika GB 4, na flashi ina nafasi tele. (Ubungo)

Flashi imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo, ifomati kwa exFAT. Redio nyingi za gari za zamani hazisomi exFAT, kwa hiyo ya miziki iache ilivyo.