Ungaunga wa kijani kwenye sarafu ya Justinian: niisugue kwa ndimu na chumvi?

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Naishi Leicester, Uingereza, na huu ni mwaka wa pili nakusanya sarafu za kale, nyingi zile ndogo za Kirumi. Mwezi uliopita nilinunua London sarafu moja kubwa ya shaba yenye herufi M mgongoni. Aliyeniuzia alisema ni ya Justinian, mfalme wa Rumi ya Mashariki. Nimeipima: milimita 41, gramu 21.8. Kushoto kwa M kuna neno ANNO limesimama wima, kulia kuna X na vijiti vitatu, chini ya M kuna B, na chini kabisa CON. Niliponunua ilikuwa ya kijani kilichokoza, laini. Sasa karibu na ukingo yametokea madoa mawili ya kijani cheupe kama unga. Nikifuta yanaondoka, baada ya wiki yamerudi. Shangazi anasema niisugue kwa ndimu na chumvi kama tulivyokuwa tukisugua dele la kahawa nyumbani. Sarafu zangu zote ziko kwenye albamu ya plastiki. Mwakani narudi Tanga moja kwa moja na nataka kwenda nazo. Nifanyeje, na hizo herufi zinasema nini?

JIBU

Marahaba. Ndimu weka chini, na chumvi irudishe jikoni. Mpe shangazi salamu zangu na umwambie kwa dele hakukosea: dele ni chombo cha kutumika kila siku, kikisuguliwa kinasuuzwa, kinakaushwa, na kesho kinasuguliwa tena. Sarafu yako imekaa ardhini karne kumi na kitu, na hicho anachotaka kuipaka ndicho kilichoitia ugonjwa.

Kijani unachokiona ni cha aina mbili. Ile rangi iliyokoza, laini, inayong'aa kidogo, ni utando ambao shaba imejijengea yenyewe kwa miaka mingi, na ndani yake mna kaboneti ya shaba. Utando huo ni mgumu, umeshikana na metali, na umebeba michoro yote: pua ya mfalme, herufi, mikunjo ya vazi. Ukiuvua umevua sarafu yenyewe. Usiuguse.

Madoa meupe ni jambo jingine. Ardhi yenye chumvi huingiza kloraidi, yaani kile kiungo cha chumvi kinachokula metali, ndani ya shaba, nayo hujificha chini ya utando, juu kidogo ya metali, ikiwa kitu cha kijivu chenye ulaini wa nta. Hapo inaweza kukaa kimya muda mrefu. Ikipata unyevu na oksijeni huvimba, ikapasua utando na kutoka nje kama unga wa kijani hafifu. Katika kugeuka huko hutengenezwa asidi, asidi hula shaba nzima iliyo jirani, inazaliwa kloraidi mpya, na mchezo unaanza upya. Ndiyo maana ukifuta unarudi: ulichofuta ni moshi, moto uko chini. Wakusanyaji huuita ugonjwa wa bronzi. Jina linatisha bure, kwani hakuna kijidudu wala fangasi. Sarafu ya jirani haiambukizwi kama mtu anavyoambukizwa mafua, ila kama nayo imebeba kloraidi yake na inapumua hewa ileile yenye unyevu, zamu yake itafika.

Sasa pima ndimu na chumvi kwa hesabu hiyo. Ndimu inayeyusha utando mzuri na haifiki kwenye kloraidi iliyojificha kwenye vishimo. Chumvi ni kloraidi tupu, kwa hiyo unaongeza kuni. Najua kwa sababu niliwahi kufanya karibu hayohayo. Mwanzoni mwa kazi hii nilitumbukiza kwenye siki folisi, yaani sarafu kubwa ya shaba kama yako, ya mfalme Justin wa Pili, yeye na mkewe Sophia wameketi pamoja, sarafu ya kawaida lakini nzuri. Ilitoka na rangi ya waya wa umeme uliochunwa, na Sophia hana uso. Baada ya miezi miwili ungaunga ukarudi palepale. Ninayo bado mezani, nawaonyesha wanafunzi.

Kabla ya matibabu, hakikisha. Chukua kijiti cha meno cha mti na lenzi ya kukuzia mara kumi. Gusa doa kwa ncha. Kama ni gumu na kijiti kinateleza, ni utando tu wenye rangi tofauti, achana nalo. Kama kijiti kinazama na unga unamwagika, ukaona chini yake kishimo chenye kuta za kijani mpauko, huo ndio wenyewe. Kwa maelezo yako sina shaka utazama. Kwa zile sarafu ndogo ambazo huna uhakika nazo, weka moja kwenye kichupa cha kioo chenye pamba iliyoloweshwa maji, isigusane na pamba, funga kifuniko, iache siku moja au mbili. Yenye ugonjwa itatoa vitone au unga. Isiyotoa kitu irudishe pakavu haraka, usiisahau humo.

Matibabu ya madoa mawili kwenye sarafu moja ni kazi ya mkono zaidi kuliko ya dawa. Keti penye mwanga, tandika karatasi nyeupe, chokoa unga wote kwa kijiti, na pale kijiti kinaposhindwa tumia ncha ya sindano bila kukandamiza. Unachotaka ni kufika mwisho wa kitu laini. Utakapokuta hakuna tena kinachobomoka, simama. Kishimo kitabaki, na kibaki. Watu wengi huharibu sarafu hapa kwa kutaka kusawazisha.

Kisha iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa, yale safi ya kuongezea betri ya gari (maji, si asidi yake). Maji ya bomba yana klorini, hayafai. Badilisha maji kila siku kwa wiki mbili. Karakana za wahifadhi huyapima maji hayo kwa tone la naitreti ya fedha: yakipiga ukungu mweupe, kloraidi bado inatoka. Ukimaliza, itumbukize kwenye asetoni dakika chache ili isukume maji yaliyobaki vishimoni, halafu iache mahali pa joto na pakavu siku nzima. Asetoni inashika moto, kwa hiyo fungua dirisha na usiwe karibu na jiko.

Utasoma mahali pengi kwamba ni lazima uiloweke kwenye seskwikaboneti ya sodiamu, gramu 50 kwa lita moja ya maji, kwa wiki au miezi. Jina refu hilo, lakini kitu chenyewe unakijua tangu utoto: ni magadi. Yale mawe yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya, tunayotia kwenye maharage yaive upesi, kikemia ndiyo hiyohiyo. Ila usikimbilie sokoni! Magadi ya kupikia yamechanganyika na chumvi ya kawaida, na tumeshakubaliana chumvi haingii humu. Ya dawa huwa yamesafishwa. Hata hayo mimi siyapendi kwa sarafu yenye utando mzuri kama wako, kwani yakikaa muda mrefu hubadilisha rangi, mara nyingine yakaacha utando wa buluu usiokuwepo. Nayaweka kwa sarafu iliyooza pande zote, ambayo haina cha kupoteza. Kuna pia benzotriazoli, ambayo sisi huitumia ikiwa imeyeyushwa kwenye spiriti ili izibe shaba isiendelee kuguswa na hewa. Inafanya kazi vizuri. Lakini ni sumu, inataka glavu na sehemu yenye kifyonza hewa, na meza ya jikoni haina sifa hizo. Unga ukirudi mara ya tatu, mpelekee mhifadhi wa metali afanye hilo.

Sarafu ikishakauka kabisa, ipake nta laini ya kuhifadhia vitu vya makumbusho, safu nyembamba kwa brashi, kisha isugue kwa kitambaa cha pamba. Nta haiponyi. Inapunguza tu kasi ya unyevu kuingia.

Haya, herufi. M ni tarakimu ya Kigiriki, maana yake 40: sarafu hii ilikuwa na thamani ya numi 40. Kabla ya mwaka 498 shaba iliyokuwa ikitumika ilikuwa numi yenyewe, kitu kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na kununua chochote ilibidi ubebe mfuko. Mfalme Anastasius ndiye aliyeleta kubwa zenye namba: M kwa 40, K kwa 20, I kwa 10. CON ni Constantinople, Istanbul ya leo. B ni karakana ya pili kati ya tano zilizokuwa ndani ya kiwanda cha sarafu cha mji huo. Ungeona NIK ingekuwa Nicomedia, KYZ ni Cyzicus.

ANNO XIII ni mwaka wa 13 wa utawala, na hapa wengi hujikwaa: wanachukua 527 wanajumlisha 13 wanapata 540. Justinian aliingia madarakani Aprili 527, na mwaka huo wenyewe ni wa kwanza. Kwa hiyo wa 13 unaanza Aprili 539. Sarafu yako ilifuliwa kati ya hapo na machipuo ya mwaka 540, miaka miwili hivi baada ya kanisa kuu la Aya Sofia kufunguliwa mjini humo Desemba 537. Umepata kipindi kizuri pia, kwa sababu tarehe zilianza kuandikwa hivi mwaka wa 12 tu, na ndipo sarafu zilipofanywa nzito na pana kuliko zote alizotoa. Baadaye uzito ulishuka. Ukikutana na zile za miaka ya mwisho ya utawala wake utadhani ni za dola nyingine.

Geuza upande wa sura. Mfalme lazima awe anakutazama usoni, kavaa kofia ya vita, mkono wa kulia ameshika tufe lenye msalaba, na begani kuna ngao. Maandishi ya kuzunguka yaanze na D N IVSTINIANVS, yaani Bwana Wetu Justinian. Zile anazotazama pembeni ni za kabla ya mwaka wa 12, na hazina ANNO. Kama yako ina ANNO XIII na CON halafu mfalme katazama pembeni, nitumie picha kabla hujafanya lolote. Gramu 21.8 na milimita 41 ziko mahali pake. Ukiwa na lenzi mkononi, zungusha ukingo wote: mstari mwembamba unaouzunguka kama mshono wa chupa ni dalili ya sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu, na za kweli zilipigwa kwa nyundo. Ungaunga wako unanifanya niamini kidogo kwamba imelala ardhini kweli, lakini kidogo tu, kwa sababu wapo wanaozitia kijani kwa dawa.

Albamu sasa. Ifungue, uinuse. Kama inanuka kama pazia jipya la bafuni, ni plastiki ya PVC. Hiyo ikizeeka hutoa asidi yenye kloraidi na kuacha utelezi wa kijani juu ya sarafu. Zitoe zote leo, hata zisizo na doa, uzioshe kwa asetoni uzikaushe. Tafuta vifuko vya poliesta, ni vigumu kidogo na havinuki. Kasha la mti wa mwaloni usinunue hata likiwa zuri namna gani, mti huo hutoa mvuke wa asidi.

Na Tanga. Ugonjwa huu hulala unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 40 hivi. Nyumba ya Leicester wakati wa baridi, hita ikiwaka, mara nyingi hushuka karibu na hapo. Pwani yetu hupita asilimia 70 karibu mwaka mzima, na upepo wa bahari umebeba chumvi. Sarafu iliyotulia Ulaya inaweza kuamka ndani ya wiki chache ikifika kwetu. Sarafu za shaba za Kilwa zinazochimbuliwa huku huku pwani zina tatizo hilohilo. Kwa hiyo usisafiri nazo kabla hujaziangalia miezi mitatu bila kuona unga. Zipakie kwenye boksi la plastiki la chakula lenye mpira kwenye kifuniko, aina isiyopitisha hewa, pamoja na silika jeli ya kutosha: si kile kipakiti kimoja cha boksi la viatu, ni gramu mia na zaidi kwa boksi la ukubwa wa tofali. Nunua ile inayobadilika rangi ikishiba maji, na ikibadilika ipashe moto kwenye ovena ikauke, uirudishe. Weka humo na kipimo kidogo cha unyevu. Ukifika Tanga boksi libaki limefungwa. Mgeni akitaka kuona, mwonyeshe ukiwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi, kisha funga.

Risiti ya London itunze, na mwandikie muuzaji akujibu kwa maandishi sarafu ilikuwa kwa nani kabla yake na kama inahitaji kibali kutoka Uingereza. Na usikubali mtu akuletee nyingine kutoka kwenye magofu ya Uturuki. Sheria yao namba 2863 ya mwaka 1983 inakataza kutoa vitu vya kale nchini, na forodha hawaulizi kama ulinunua kwa nia njema.

Ukishamaliza kuchokoa, piga picha vishimo viwili kwa karibu, pima uzito tena, andika tarehe na gramu kwenye karatasi ukae nayo pamoja na sarafu. Miezi mitatu ikipita nitumie picha mpya tulinganishe.