Wapya wa thieta ya macho, wekeni hayo mabeseni chini kwanza

Wiki hii tena nimemuona mwanafunzi anakimbia na beseni, mtoto aliyepasuliwa makengeza ndo kwanza ameamka na tayari anatapika, halafu dogo ananiuliza eti "tumpe ondansetroni sasa?" Dawa ya kuzuia kutapika, sasa! Banange, ulikuwa wapi saa ile mtoto amelala?

1. Uliza kabla hujamlaza. Ana miaka 3 au zaidi? Upasuaji utafika nusu saa? Ni makengeza? Yeye, mzazi au ndugu yake alishawahi kutapika baada ya usingizi wa dawa? Akiwa na zote nne, uwezekano wa kutapika ni kama asilimia 70. Na mama muulize kwa lugha yake, si kile kiingereza chenu cha wodi raundi, atakumbuka hata alivyohangaika yeye.

2. Basi huyo ni dawa mbili za kuzuia kutapika. Deksamethasoni 0.15 mg kwa kilo akishalala, maana ukimpa yuko macho itamwasha huko chini na thieta nzima itasikia, halafu ondansetroni 0.1 mg kwa kilo karibu na mwisho, isizidi mg 4. Akishukiwa saratani ya damu, deksa usiiguse kabla hujaongea na mkubwa.

3. Morfini punguzeni, nayo inatapisha. Kwa maumivu parasetamoli, na muombe daktari wa macho aweke ganzi kabla hajamaliza. Akivuta msuli wa jicho mapigo ya moyo yakaporomoka mwambie aachie kwanza, atropini ya kuyapandisha iwe tayari, msikae mnaigonga monita kama redio mbovu.

4. Kunywa. Hapa nina donda. Wodi moja niliyopitia tulikuwa na sheria kwamba mtoto haendi nyumbani mpaka anywe na kisirudi, na mimi nilikuwa askari wa hiyo sheria. Kulikuwa na kabinti, macho yote mawili, katulia kabisa begani kwa mama yake, na taksi ya kwao ilikuwa inakaribia kuondoka, nikasema mama mpe chai kikombe kizima tumalizane. Kakanywa nusu kakilia. Getini hawajafika, chai yote juu ya gomesi ya mama, halafu kakaendelea, tumboni hakuna kitu, ni nyongo tu, na kila kakitapika kanashika macho, tukawarudisha, kanula, kile kibomba cha mshipani, nilishakitoa mwenyewe, mishipa imejificha, tukamchoma na kumchoma. Wakalala wodini, mama hana hata shuka, baba anapiga simu anauliza kama macho yameharibika. Macho yalikuwa mazima. Kilichoharibu ni chai yangu.

Kwa hiyo asiyetaka kunywa mwacheni. Mpeni maji ya kutosha kwenye dripu akiwa bado amelala, akiomba mwenyewe ndo apewe, kidogo kidogo.

5. Gari linawaamshia kichefuchefu, na kinaweza kufika mpaka kesho yake. Mama aambiwe hivyo, na aambiwe arudi mtoto akishindwa kukaa na chochote tumboni au jicho likizidi kuuma. Mpeni namba ya simu ambayo kuna mtu anapokea, si ile ya ofisini inayolia tu.